Mshindani wa Shamba la Tikiti

Juzi nilikaa viti vya nyuma katika ukumbi mmoja hapa Voi, vijana wakifundishwa biashara kabla serikali haijawapa mtaji. Mkufunzi akamuuliza msichana wa Sagalla anayelima tikiti, "Mshindani wako ni nani?"

"Ndovu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkufunzi akajikaza. "Utamweza?"

"Nimezungushia shamba mizinga. Nyuki wanamfukuza, halafu asali nauza."

"Na hao nyuki unawalipa nini?"

"Wanajilipa wenyewe kwa maua ya tikiti."

Hapo mkufunzi akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akafuta machozi kwa tai. Ombi la msichana la mtaji likapita palepale.

Sasa mtaji unatoka Nairobi, na njiani kuna walaji wenye midomo mikubwa kuliko ya ndovu. Dada, tafadhali, tangulia kupeleka mizinga huko.