Mama Aliyekula Mafuta Yake Mbele Yetu

Ametutoka yule mama wa mawese. Habari ilinikuta asubuhi kibarazani, siku ile ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja na milima ya Kongo haionekani kabisa, nikabaki kama mtu asiyejua ameamka au bado anaota. Wasomaji wa Rumonge mtamjua bila mimi kumtaja: yule aliyeongea polepole hadi ukatamani kummalizia maneno.

Miaka michache iliyopita nusura uzushi umfilisi. Alikuwa akichemsha mawese yake kule Kizuka, akafua kitenge kipya chekundu kando ya pipa, kitenge kikachuja rangi. Muuza mafuta mwenzake, waliyekaa naye jirani sokoni, akaona beseni la maji mekundu. Kufika jioni soko zima linanong'ona kwamba mama anatia rangi ya nguo kwenye mafuta. Jamani! Wachuuzi wa Bujumbura wakampita bila hata salamu ya amahoro, na mafuta yakaanza kuchacha kwenye madumu. Hakuwa na mume. Nyumba yake nzima ilikula kwa mafuta hayo.

Mimi nilichemka kuliko pipa lenyewe. Nikamwambia, “Mama, mupeleke huyo jirani kwa shefu wa kartiye, mukubwa wa mtaa, aulizwe mbele ya watu!” Akacheka kidogo. “Nikimukimbilia kila mwenye anasema, nani atapika mafuta yangu? Acha. Mi nitakula tu.” Na akala kweli. Kila siku ya soko, adhuhuri, alimiminia ndizi za kuchemsha mafuta yake, akala taratibu mbele ya macho yetu, akitazama ziwani kana kwamba sisi sote tumo ndotoni mwake. Kisha humgeukia jirani yule yule: “Karibu dada, tule.” Jirani husema ameshiba. Wateja wakarudi mmoja mmoja, bila kuomba radhi, kama ilivyo desturi yetu.

Siku hizi uzushi husafiri kwa simu, nasi tunadhani heshima ni kujibu. Tunajibu hadi usiku, na aliyekuwa hajasikia anasikia kutoka kwetu. Mimi mwenyewe sina subira ile, nasema kweli.

Matangani jirani yule ndiye aliyeshika mwiko. Alipofungua dumu la marehemu, binti mmoja akauliza, “Si ndiyo ile yenye rangi?” Jirani akasimama, machozi yanamtoka. “Iko safi! Ni mimi nilidanganya. Alinikaribisha kila siku, na sikuonja hata siku moja.” Sufuria ikaendelea kuchemka.

Nadhani aliyekuzulia usimfungie njia zote; mwachie pa kurudia, maana ipo siku atataka kurudi. Mama alimwachia nafasi kwenye sahani yake miaka yote ile. Inaniuma tu kwamba mgeni amefika, na mwenye sahani ameshazikwa.