Vitambaa Vyekundu vya Mtelemkoni

Shemeji yake alimwita mvivu mbele ya ukoo mzima, siku ya kugawa mashamba ya marehemu mumewe. Hakuwa mvivu. Alikuwa fundi cherehani: asubuhi akishona, mchana akilima, usiku akimgeuza mume mgonjwa kitandani. Lakini neno likishatoka mkutanoni halina breki. Kwa neno hilo shemeji alichukua shamba la bondeni, na mjane akaachiwa la mtelemkoni, lililolimwa tangu enzi za baba mkwe mpaka udongo wote ukahamia bondeni.

Alilima misimu miwili. Mahindi yalitoka membamba kama fito, na mvua moja tu ikachimba korongo la kumficha mbuzi. Msimu wa tatu, akiwa ameinama na jembe, akang'amua jambo: kila mwaka alikuwa akikata machipukizi yale yale, yanayotoka kwenye visiki vya miti ya zamani. Chini kwa chini mizizi ilikuwa hai, na adui yake ni jembe lake mwenyewe. Akaliweka chini.

Kila kisiki alikiachia machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine akayapogoa. Yale ya kubaki aliyafunga vitambaa vyekundu, mabaki ya cherehani yake, asije akayafyeka kwa bahati mbaya. Akachimba na makinga maji, mitaro ya kukata mtelemko. Watu wakampa jina, Mama Vitambaa.

“Shemeji, siku hizi unalima vichaka?” shemeji alimpigia kelele kutoka barabarani. “Utavuna nini, nyoka?”

“Nikimvuna nitakuletea, mkasalimiane kindugu.”

Mjane alicheka, akaendelea kupogoa. Lakini kanuni ya ukoo ilijulikana: shamba lisilolimwa miaka saba linarudi kwa ukoo. Na ukoo, siku hizo, ulikuwa shemeji.

Mwaka wa pili tangu aweke jembe chini, akaenda kumhudumia binti yake aliyejifungua. Wiki tatu tu. Aliporudi, hata mzigo hajautua, aliona machipukizi yake yamelala chini, vitambaa vikiwa bado vimefungwa. Yaliyosimama ni yale yaliyopinda, yaliyoota upya baada ya kupogolewa. Kibarua alikuwa kivulini ananoa panga.

“Nani kakutuma?”

“Mzee wa bondeni. Kasema nisafishe, ukirudi ufurahi.”

“Mbona umekata yenye vitambaa tu?”

“Mama, mimi nimefanya kazi ya barabara miaka minane. Kule mti ukishafungwa kitambaa chekundu, siku zake zimekwisha.”

Alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka kibarua akaogopa, maana machozi nayo yalikuwa yanatoka.

Ila kisiki hakifi kwa panga. Mvua ziliponyesha visiki vikachipua tena, kwa hasira. Safari hii hakufunga kitu. Alivikariri kimoja kimoja, kama anavyokariri vipimo vya wateja, kwa kuwa kuandika hajui.

Miti ikapanda. Majani yakaanguka, yakaoza, udongo ukawa mweusi. Nyasi zikafunga korongo, nyuki wakahamia, ndege wakashuka bondeni kula viwavi kwenye mahindi ya shemeji. Na mchanga uliozoea kuyafukia kila masika haukushuka tena. Mwaka wa sita, chini ya mtelemko, ndani ya mpaka wake, chemchemi ambayo mama mkwe alikuwa akiisimulia kama hadithi ikatoa maji, na kiangazi hayakukatika.

Mwaka wa saba ukoo ukakutana. Shemeji akasimama.

“Shamba halilimwi. Lirudi.”

Shangazi wa marehemu, mwanamke wa maneno machache, akakohoa. “Mwanangu, lile dumu nililolikuta mlangoni pako, maji umeyachota wapi?”

“Si pale chini.”

“Chini ya wapi?”

Watu wakaangua kicheko, maana chemchemi ilifufuliwa na shamba lile lile analosema halilimwi. Shemeji akakaa, na shamba likabaki kwa mwenyewe.

Lakini mkutano ulifungwa bila mtu kuligusa lile neno, mvivu. Lilisemwa kwa kusimama, mbele ya watu, akitajwa yeye. Kulifuta nako kunataka vivyo hivyo. Anayedaiwa ni shemeji. Kila asubuhi anapita na dumu.

“Umeamkaje, shemeji?”

“Salama. Chota.”

Anachota, anaondoka. Anajua fika kwamba siku atakapotamka kuwa mjane yule hakuwa mvivu, wa kwanza kuuliza habari za shamba la bondeni atakuwa shangazi.