Mashine Iliyongoja Mgeni Rasmi

Mashine ilikuwa imefungwa kwenye zege, mkanda umevutwa, dizeli imo kwenye tangi, na mimi fundi nipo. Kilichokosekana ni mtu wa kukata utepe.

Hiki kilikuwa kijiji kimoja nje ya Nduguti, msimu wa alizeti wa juzijuzi hapa. Mimi si mtu wa huko. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda. Nimepakua mizigo stesheni ya Itigi, nimeuza asali kando ya barabara Manyoni, kisha nikakaa miaka miwili kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Mwankoko. Huko nilijifunza mashine kwa kuuliza maswali mpaka fundi mkuu akasema afadhali anifundishe ili ninyamaze. Ndiko alikonikuta mama mwenyekiti.

Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu vifaranga. Aliongoza kikundi cha wanawake ishirini na wawili, wengine wa msikitini, wengine wa kanisani, wote wakulima. Walikuwa wamepata mashine ya kukamua mafuta kupitia mradi fulani, na alitaka mtu wa kuiendesha. Nikafunga begi langu, ambalo halijawahi kuchukua muda mrefu kufungwa.

Nilipofika nikakuta banda jipya la matofali. Upande mmoja mashine, upande wa pili stoo iliyojaa magunia ya alizeti mpaka karibu na bati. Nikauliza kesho tunaanza saa ngapi.

"Hatuanzi," akasema mama mwenyekiti. "Tunangoja mgeni rasmi."

Nikamuuliza mashine na mgeni vinahusiana nini. Akanikalisha kwenye gunia.

"Fundi, unajua mashine ya kusaga ya kijiji cha jirani iko wapi sasa?"

"Sijui, mama."

"Iko nyuma ya nyumba ya mkubwa mmoja wa hapo, imefunikwa turubai. Ilikuja ikiwa ya kikundi. Wakaiwasha kimyakimya, wakafurahi. Siku mkubwa alipokuja kuibeba, hakuna aliyeweza kusema ni ya nani. Yetu itafunguliwa mbele ya watu, na jiwe litawekwa ukutani. Kitu chenye jiwe hakibebwi ovyo."

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba alikuwa na akili. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Ila yeye na wenzake walikwenda hatua moja zaidi. Waliandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba mashine isiwashwe kabla ya mgeni rasmi kufika, kwa kuwa ni heshima mgeni kuonja mafuta ya kwanza. Wakaweka saini, wengine dole gumba, kisha nakala wakaipeleka ofisi ya wilaya. Ikapigwa muhuri. Tangu siku hiyo ule haukuwa tena uamuzi wao.

Mama mwenyekiti alikuwa ameweka neno lake rehani. Malori ya wanunuzi yalipopita wakati wa mavuno, aliwazuia wanachama wake wasiuze. Aliwaambia alizeti yao itatoka pale ikiwa mafuta, na mashudu, yale makapi ya mbegu, watabaki nayo kulishia kuku. Walimwamini. Magunia yote yale stoo yalikuwa pale kwa neno lake.

Tarehe ya kwanza iliahirishwa kwa simu. Ratiba ya mgeni imebana.

Tarehe ya pili tuliamini. Mbuzi wakachinjwa, viti vya plastiki vikaazimwa mpaka Nduguti, maturubai yakafungwa. Afisa wa kata aliyekuwa anasimamia vikundi alikuja mwenyewe tangu asubuhi akafunga utepe mlangoni, usawa wa kiuno, na fundo kubwa la maua katikati. Wachezaji wa ngoma walikuwa wametunga wimbo wenye jina la mgeni, na jina lenyewe lilikaa vizuri sana kwenye mapigo. Jiwe lilikuwa limeshachongwa, jina hilohilo, limefunikwa kitambaa cha bluu. Tukakaa. Saa tisa alasiri simu ya afisa ikalia. Akaipokea akiwa amesimama wima, akasema ndiyo mara saba, akatugeukia.

"Mgeni ameitwa Dodoma."

Tukala mbuzi.

Tarehe ya tatu haikupangwa, maana wiki iliyofuata habari ilisambaa kwenye simu za watu asubuhi kwamba mgeni wetu amehamishwa, amekwenda mkoa mwingine kabisa. Wachezaji wa ngoma wakajaribu kuweka jina la aliyechukua nafasi yake. Lilikuwa refu mno, kila wakifika pale ngoma inawaacha. Mzee wao mmoja akashauri waimbe tu "mgeni wetu", kwa kuwa wageni ni wengi na wimbo ni mmoja. Jiwe likarudishwa kwa mchongaji, naye akasema hawezi kufuta, atachonga jingine.

Nikamfuata afisa. Alikuwa bwana mpole, mtu mzima, na upole wake ulinichosha kuliko ukali wa mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

"Bwana afisa, mashine ikikaa bila kuzungushwa inashika kutu."

"Nakuelewa sana, fundi."

"Basi tuwashe."

"Nakuelewa. Lakini muhtasari mmeandika wenyewe. Mimi sijawazuia. Mmejizuia."

"Tuandike mwingine."

"Mwingine utapingana na wa kwanza, na wa kwanza uko wilayani. Halafu mgeni akikuta mashine imeshatumika, si atajiuliza ameitwa kufungua nini?"

Wakati huo panya walikuwa wameshajua njia ya stoo. Ukipita unawasikia wakitafuna, nao hawakuwa wakingoja mtu. Magunia ya chini yakaanza kutoa harufu ya uvundo. Na ada za shule hazina itifaki. Wanawake wakaanza kuja kwa mama mwenyekiti mmoja mmoja, kwanza kwa kumsalimia tu, kisha kwa kuuliza.

Wa kwanza kuondoka alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake. Alikuja na mkokoteni wa punda pamoja na mnunuzi.

"Wifi, nivumilie wiki moja," mama mwenyekiti akamwambia.

"Hiyo wiki uliniomba mwezi wa saba."

"Sasa ukiondoka wewe wa nyumbani, wengine wataniambia nini?"

"Watakuambia ninachokuambia mimi. Nilikusikiliza wewe, na wewe unamsikiliza mtu ambaye hajui hata kama upo." Kisha akanigeukia. "Na wewe fundi, unakula ugali wetu kwa kazi gani?"

Nikamsaidia kupakia magunia yake, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyoifanya pale. Mpaka mwisho wa wiki hiyo wanachama tisa walikuwa wameshatoa alizeti yao, wakaiuza kwa bei ambayo mnunuzi alipanga akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Jioni moja nilimkuta mama mwenyekiti stoo anapanga upya magunia yaliyobaki ili nafasi isionekane.

Siku iliyofuata nilikwenda tena kwa afisa nikiwa nimekasirika, na swali likanitoka tu.

"Mgeni akibonyeza swichi, mashine ikagoma mbele ya watu wote, atajibu nani?"

Nilimwona akiiona ile siku kichwani mwake.

"Kwani hamjaijaribu?"

"Tutaijaribuje nayo hairuhusiwi kuwashwa?"

"Fundi, kuwasha ni kuwasha, majaribio ni majaribio. Hata miradi mikubwa ina majaribio. Jaribuni."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mjiridhishe."

Mama mwenyekiti, aliyekuwa amenifuata akakaa mlangoni, akasema, "Sisi ni wagumu sana kuridhika, bwana afisa."

"Ila utepe usiguswe," akasema afisa. "Uliobaki umerudishwa wilayani, hatuna mwingine."

Banda lilikuwa na mlango mmoja tu. Mtu mwenye mikono mitupu angeweza kuinama akapita chini ya utepe, lakini mwanamke mwenye gunia kichwani hainami. Tukashauriana nusu saa nzima, watu wazima na akili zetu, kuhusu kitambaa chenye upana wa vidole viwili. Mwishowe nikang'oa fremu ya dirisha. Magunia yakaingia kwa dirishani, mafuta yakatoka kwa dirishani, na mashudu vilevile. Mlango ukabaki umependeza.

Siku tuliyoanza, mama mmoja wa msikitini aliomba dua, mmoja wa kanisani akafuata, na mimi nikangoja nao wamalize, nikaona kungoja huku walau kuna mwisho. Kisha nikawasha. Mafuta ya kwanza hutoka meusi na ya moto, na banda zima hunukia kama karanga zilizoungua kidogo. Wanawake wakachovya vidole, wakacheka, mmoja akasema mgeni rasmi samahani. Tukafanya majaribio siku kumi na nane mfululizo, mpaka stoo ikabaki vumbi na panya wachache wasio na makazi. Wanachama kumi na watatu waliondoka na madumu yao.

Hapo ndipo simu ikaja. Mgeni mpya anakuja keshokutwa, hakika kabisa. Afisa akaja na pikipiki, ana furaha ya kweli.

"Akibonyeza swichi, mafuta yatoke palepale. Anapenda kuona matokeo."

"Yatoke kwenye nini?" nikamuuliza. "Alizeti imekwisha."

"Imekwishaje? Si mlikuwa mnajaribu?"

Tukazunguka kijiji kizima. Waliokamua hawakubakiza, waliouza hawakubakiza. Mtu pekee aliyejulikana kuwa na alizeti alikuwa wifi, aliyeweka madebe mawili kwa mbegu. Mama mwenyekiti aliniomba nimsindikize, nadhani ili awe na mtu pembeni yake.

Wifi alikuwa anapepeta mtama uani. Tukasalimiana. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta.

"Kwa hiyo nilipotaka kuitoa, ningoje. Na nilichobakiza, nilete."

"Usinipe kwa ajili ya mgeni," mama mwenyekiti akasema. "Kwa mgeni ningekwenda mpaka Mtinko nikanunue. Nakuomba wewe kwa sababu nataka urudi. Mafuta yatakayotoka ni yako, tone kwa tone."

"Neno lako tena."

"Sina kingine."

Wifi akapepeta ungo mzima. Kisha akaingia ndani akatoka na debe moja. "Hili. Jingine ni la kupanda. Na dumu nitakuja nalo mwenyewe, nisije nikaambiwa mafuta yalimwagika."

Siku ya shughuli mgeni alifika, tena kabla ya saa sita, jambo lililowavuruga waliokuwa bado wanavaa. Utepe ukakatwa. Kitambaa kikavutwa, jiwe likaonekana na jina sahihi. Wimbo wa "mgeni wetu" ukaenda vizuri. Nikamwonyesha mgeni swichi, akabonyeza, mafuta yakatoka yakaingia kwenye dumu la wifi, watu wakapiga makofi. Mgeni alihutubia. Akasema kuanzia leo wanawake hawa wataanza safari ya kukamua mafuta yao wenyewe. Nikawatazama wanawake wenyewe. Hakuna aliyesogeza hata mdomo.

Halafu mambo yakaenda kama yanavyokwenda siku zote. Katikati ya picha na chakula, nilimwona afisa amebeba lile dumu anaelekea kwenye gari la mgeni. Mgeni haondoki mikono mitupu, kila mtu analijua hilo, na nadhani hata hakufikiri. Wifi naye alimwona. Alikunja tu ile khanga aliyokuja nayo ya kukunjia kata ya kubebea dumu kichwani, akageuka kuondoka.

Mama mwenyekiti alikuwa meza kuu, sahani mkononi. Akaiweka chini, akatembea mpaka kwenye gari, akashika mshikio wa dumu juu ya mkono wa afisa.

"Haya yana mwenyewe," akasema.

"Mama mwenyekiti, tafadhali. Ni ya mheshimiwa."

"Ni ya wifi yangu. Nimemwahidi."

"Tutaongea baadaye, mama, watu wanatazama."

"Acha watazame. Ndiyo maana tulitaka ifunguliwe mbele ya watu."

Mgeni akageuka. Watu wote wakageuka naye, hata wa ngoma. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho njia ya kutokea, tabia ya zamani.

"Kuna nini?" mgeni akauliza.

"Shikamoo tena, mheshimiwa," akasema mama mwenyekiti. "Mafuta haya ni ya mwanachama, yametoka kwenye mbegu yake. Sisi tutakutengea yako msimu ujao, ukija."

Mgeni alitazama dumu, akamtazama afisa. "Mrudishie mama," akasema, akaingia kwenye gari. Sijui alikasirika au la. Afisa alituadhibu kwa wiki tatu za kutotusalimia na kutoleta barua yoyote, jambo lililotufaa.

Wifi alikuwa amefika kwenye ua wa minyaa wa jirani. Mama mwenyekiti alimfuata na dumu likimgonga mguuni, akalitua mbele yake. Wifi akafungua kifuniko, akanusa, akakikaza. Akakunja kata, akajitwisha, kisha akaniita mimi niliyekuwa nimesimama mbali.

"Fundi, unawasha saa ngapi asubuhi?"

"Hakuna alizeti, mama."

"Najua hakuna. Nauliza ya msimu ujao."

Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu. Nilikuwa nimepanga kuondoka wiki ile.