Unga Niliomwahidi Mama

Kwa Kiingereza kazi yangu ilikuwa na jina refu la kutia mtu kiburi. Kwa Kiswahili nilikuwa natengeneza unga. Nilichukua unga wa alumini, nikauchanganya na nyuzi nyembamba za chuma, nikaushindilia kwenye kalibu ya kuupa umbo, kisha nikautia tanurini ili ushikane bila kuyeyuka. Kipande kilichotoka kilikuwa chepesi, na zile nyuzi zilikizuia kisivunjike upesi.

Nikamwandikia mama, aliyekuwa kijijini kwetu Chawia, kutoka Uingereza: "Natengeneza unga ambao hata Wazungu wengi hawaujui. Unatiwa nyuzi, unashindiliwa, unapikwa. Nikija Desemba nitakuletea." Neno alumini sikuliandika. Nilikuwa najisifu, na mtu akijisifu haoni haja ya kueleza.

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, mvua imetukataa. Mama ndiye aliyewasomea kina mama wa kanisa barua zao na matangazo, na walimwamini. Akawasomea na hiyo. Zile nyuzi, akawaambia, ni tambi.

Niliposhuka basi Voi nilimkuta na wanawake wanne, kila mmoja na gunia tupu kwapani. Walikuwa wameteremka milimani tangu alfajiri. Nikafungua sanduku, nikatoa kipande cha alumini kisichozidi kidole.

"Na unga?" mmoja akauliza.

"Ndio huu."

Alikigeuzageuza, kisha akamkabidhi mama, si mimi.

Ningesema tu kwamba niliandika vibaya. Badala yake nikafoka, mbele yao: "Mama, nani alikuambia ni unga wa kula? Ulisoma barua ama uliota?"

"Ni mimi sikuelewa, mwanangu," akasema polepole. "Macho yangu siku hizi."

Macho yake yalikuwa mazima. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani. Naona aibu hata kuliandika hili.

Jumapili alisimama kanisani bila kuitwa, akawaomba wenzake radhi kwa kuwatia tumaini la bure. Njaa haina mzaha, na tangu siku hiyo barua zao walimpelekea mtu mwingine kuwasomea.

Alipoketi, mchungaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Nilikuwa benchi la tatu, nimevaa suti ya Uingereza. Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikajifanya natafuta wimbo.