Rekodi ya Elfu Nane na Mia Nne

Wiki iliyopita mtoto mmoja alishuka kwenye basi hapa Mikumi akiwa ameshika gemu la mkononi, lile la kioo cha rangi, akaja moja kwa moja kwenye kibanda changu. Kazi yangu ni kuchaji simu za watu. Abiria walikuwa wameshuka kula, na mama yake alikuwa ameshaingia kwenye foleni ya chipsi.

"Shikamoo dada. Naomba unichajie kidogo, basi halijaondoka."

"Marahaba." Nikachomeka waya. Ubavuni mwa gemu paliandikwa kwamba ndani mna michezo mia nne. "Umeihesabu?"

"Imeandikwa hapo, dada."

"Nimeona imeandikwa. Nauliza umeihesabu?"

Aliniangalia kama vile nimemsimamisha barabarani nimwombe leseni. Tukaanza kuihesabu pamoja, yeye akibonyeza, mimi nikitaja namba. Tulipopita arobaini, gari lile lile jekundu likarudi na jina jipya. Halafu ndege ile ile. Halafu mtu yule yule wa kuruka mashimo, safari hii amepakwa rangi ya bluu. Mtoto aliacha kubonyeza.

"Dada, ulijuaje?"

Dereva akapiga honi, mtoto akachomoa gemu lake akakimbia. Sikuwahi kumjibu. Nitakujibu wewe, maana wewe una muda, na mimi huandika polepole.

Nilikulia Kilosa mjini, kwa bibi yangu mzaa mama, nyumba ya udongo yenye paa la bati, karibu na reli. Treni ikipita vikombe vilitetemeka kabatini na bibi alisema "haya, nenda salama" kama vile kuna mtu wake ndani. Mjomba alikuwa utingo wa lori. Lori lao lilisimama Mikumi kila safari, na kwa wachuuzi wa pale stendi ndiko alikoninunulia gemu nilipokuwa darasa la tano. Lilikuwa la kijivu, la kioo kisicho na rangi, lenye betri mbili ndogo mgongoni. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mchezaji mpira, chura wa kijani mwenye ulimi mrefu, na namba kubwa ya manjano: michezo 9999.

Darasa zima lilijua kabla sijalipeleka. Mwalimu wetu wa hesabu alilishika, akaligeuza, akasema, "Ukicheza mmoja kila siku, utamaliza ukiwa na mtoto wa umri wako." Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa kimya nyuma ya wengine, nikaangalia chini. Lakini ile namba iliniwasha. Nilichukua daftari, nikaanza kuhesabu.

Ilikuwa minane. Minane tu, rafiki yangu. Mingine yote ilikuwa hiyo hiyo, ila inakwenda kasi zaidi au imegeuzwa juu chini. Mpira haukuwemo kabisa. Chura tuliyemngoja kwa hamu alikuwa kidoti kimoja cheusi kinachowaka na kuzima, kinavuka barabara bila miguu wala ulimi. Ndugu zangu wa nyumba ya pili walidhani kioo kina uchafu, wakakifuta kwa mate. Huyo chura ndiye aliyenivunja moyo kuliko yote.

Lakini nilifurahi pia, na hapa ndipo ubaya ulipoanzia. Kila mtu aliamini boksi, mimi peke yangu nilitilia shaka, na nikapatia. Nikaanza kujiona nina jicho. Nilimtilia shaka muuza mchele kwa kopo lake, na mwalimu kwa alama zake. Hata jogoo wa jirani nilimtilia shaka.

Rafiki yangu pekee alikuwa msichana aliyetuletea maziwa. Kwao walikuwa wafugaji, waliishi pembezoni mwa mji, njia ya kwenda Rudewa. Alisoma shule yetu, darasa moja nyuma yangu. Kila asubuhi alifika na dumu lake, akampigia bibi goti, "Shikamoo bibi," na bibi akaitikia "Marahaba mjukuu wangu" kwa sauti ambayo mimi sikuipata mara nyingi. Maziwa yao yalinukia moshi, kwa namna walivyosafisha vyombo vyao. Mpaka leo nikinywa maziwa yasiyo na moshi naona yamepungua kitu.

Wakati bibi akimimina na kusuuza dumu, yeye alilitungua gemu kwenye msumari karibu na mlango, akacheza raundi mbili. Mchezo wetu sote ulikuwa wa matofali, yale yanayoshuka unayapanga mpaka mstari ujae upotee. Alikuwa na vidole vyepesi. Hakutazama vidole, wala hakuhema kwa nguvu kama mimi. Rekodi yake ilikuwa elfu nane na mia nne, na gemu lilikuwa likiionyesha pembeni kila ukiliwasha.

"Wewe unayaogopa matofali," aliniambia. "Yaache yashuke. Hayaumi."

"Siyaogopi."

"Mbona unafumba jicho?"

Jumamosi moja mchana, nikiwa nimeketi kwenye ndoo nimeipindua, nilifikisha elfu tisa na mia moja. Jumapili nilimwonyesha, akapiga kofi la furaha mpaka kuku wakaruka. Angalau mimi niliona ni furaha.

Jumatatu nilitoka shule nikaliwasha gemu. Rekodi: sifuri.

Nilijua kitu kimoja ambacho wengi hawakukijua. Gemu lile likizimwa kwa kitufe hukumbuka. Likitolewa betri husahau kila kitu. Kwa hiyo kuna mtu aliyefungua mfuniko. Na asubuhi ile, nilipokuwa bombani nachota maji, nani alikuwa mlangoni?

Sikumuuliza mtu. Nilifanya uchunguzi wangu. Jumanne nilichomoa uzi mmoja wa katani kwenye kamba ya kufungia mbuzi, nikaubana kwenye mfuniko wa betri, ncha ikatokeza kidogo sana. Jumatano asubuhi nilimwona kwa macho yangu akicheza, bibi akisuuza dumu. Jioni niliporudi uzi ulikuwa sakafuni.

Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alinikuta nimeinama nimeushika ule uzi. Nilimweleza. Ni ajabu, mimi nisiyesema, siku hiyo nilisema.

"Hao?" akasema, akisonya. "Kwanza ng'ombe wao kwenye mahindi yetu, sasa watoto wao kwenye vitu vyenu. Mwangalie vizuri huyo."

Siku zile kulikuwa na maneno mengi ya mashamba na mifugo. Wakubwa waliyasema wakichambua mchele, na sisi tuliyameza pamoja na chakula. Neno la jirani lilikuta nafasi imeshafagiliwa.

Alhamisi nililificha gemu chini ya godoro.

"Liko wapi?" rafiki yangu akauliza, mkono wake ukipapasa msumari mtupu.

"Limeharibika."

"Limefanyaje?"

"Haliwaki."

Alisikitika kweli, au alionekana kusikitika. Nilimtazama usoni nikitafuta ufa. Tulitembea kwenda shule, yeye akiongea, mimi nikihesabu mataruma ya reli.

Ijumaa alikuja mapema. Baada ya kumsalimia bibi alinivuta nyuma ya nyumba, akafungua kiganja. Mlikuwa na betri mbili ndogo. Zilikuwa zimepigwa jua, maana karatasi zake zilikuwa zimepauka. Zilikuwa na alama za meno pia. Wewe ulikulia wapi? Kwetu betri ikichoka tuliianika juu ya bati, au tuliiuma ili itoe nguvu iliyobaki.

"Za redio ya kaka," alisema. "Nimezianika siku mbili. Jaribu, labda gemu litawaka."

Yeyote mwenye akili angeona zawadi. Mimi niliona ushahidi. Nani aliyemwambia habari ya betri? Nilikuwa nimesema haliwaki, sikutaja betri.

"Kwa hiyo ni wewe," nikasema.

"Mimi nini?"

"Unayetoa betri. Nilikupita rekodi, ukaifuta. Sasa unaleta betri ili nisikushuku."

Alitabasamu kwanza, akidhani natania. Halafu akaona sitanii. Alitazama nyumba ya jirani, ambako mama muuza vitumbua alikuwa amesimama na mwiko wake akitusikiliza, kisha akanitazama mimi.

"Hata wewe?" akasema. Maneno mawili tu. Akaweka betri juu ya jiwe la kufulia, akachukua dumu lake, akaondoka. Kesho yake maziwa yaliletwa na kaka yake, na shuleni akawa ananipita mbali.

Sasa ngoja nikuambie habari ya bibi. Bibi alikuwa na redio ndogo, na saa nne asubuhi hakuna aliyeweza kumtoa mbele yake, kwa kuwa ndiyo saa aliyosikiliza matangazo ya vifo. Alitaka kujua nani wa kumlilia na wapi. Mjomba hakuwa amepita kwa wiki kadhaa, na betri za redio zilikuwa zimekwisha tangu mwanzo wa wiki ile. Kila siku nikirudi nilizikuta juu ya bati zinaota jua, na kila jioni bibi alinihadithia nani amefariki. Nilisema moyoni, kweli jua la Kilosa lina nguvu. Mimi niliyehesabu michezo 9999, sikulitilia shaka jua.

Wiki mbili baadaye nilishikwa na malaria, nikalala ndani. Gemu lilikuwa limerudi msumarini, kwa kuwa sikuwa tena na wa kumficha. Ilipokaribia saa nne bibi aliingia, akalitungua, akabandua mfuniko kwa ncha ya kisu cha mboga, akatoa betri zote mbili, akazitia kwenye redio. Akakaa. Redio ikaanza kutaja majina ya watu.

"Bibi," nikasema. "Unafanya nini?"

"Nyamaza, nisikie."

Nilingoja mpaka majina yakaisha. "Hizo ni betri zangu."

"Najua ni zako. Si huwa nazirudisha?"

"Kila siku?"

"Kila siku kuna msiba, mwanangu. Za kwangu haziponi, hata nizianike mwezi." Alinitazama, akaona uso wangu. "Kwani nimeharibu?"

Nilimweleza yote, na homa ile, mpaka habari ya uzi wa katani. Bibi alizima redio, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wageni.

"Mbona hukuniuliza?" akasema.

Ningeweza kumuuliza jioni yoyote, tukila. Nilikuwa nimetega uzi, nimehesabu siku, nimemsoma mtu usoni, na sikuwa nimeuliza.

Nilipopata nguvu ya kutembea, maziwa yalikuwa hayajaletwa siku tatu. Bibi alichukua sukari nusu kilo tuipeleke kwa kina rafiki yangu, tukaombe radhi wote wawili, yeye akitangulia. Tulikuta zizi la miiba limefunguliwa upande mmoja, majivu ya baridi, na samadi iliyokauka. Mwanamke aliyepita na baiskeli alisema wamehamisha mifugo upande wa Msowero, kwa sababu ya yale maneno ya mashamba. Mwingine alisema mbali zaidi. Bibi alisimama pale muda mrefu ameshika sukari.

Zile betri mbili zilikuwa bado juu ya jiwe la kufulia. Hakuna aliyezigusa. Nilizitia kwenye gemu, likawaka vizuri kuliko siku zote. Bibi alikuwa ameapa hatagusa tena msumari ule, akawa anakwenda kusikiliza vifo kwa jirani.

Nilicheza wiki nzima. Sikutafuta elfu tisa. Nilicheza matofali kwa uangalifu, macho wazi, mpaka nilipofika elfu nane na mia nne, wala si zaidi. Hapo nikaondoa vidole. Matofali yakashuka, yakapandana, yakajaa mpaka juu, mchezo ukaisha. Nikazima. Nikawasha. Rekodi ilikuwa yake, pale pembeni, kama alivyoiacha.

Sikucheza tena. Niliwasha tu kila siku kuiona. Mvua za masika zilipokuja, kioo kilianza kufifia, namba ikawa kama imeandikwa kwa maji. Mjomba alileta betri mpya, nikakataa kubadilisha, maana kubadilisha ni kufuta. Siku moja niliwasha, pakawa peupe.

Bibi hayupo sasa. Ile nyumba imeuzwa. Gemu ninalo hapa kibandani, chini ya meza ya waya. Betri za rafiki yangu zimetoa ukungu mweupe na zimegandia mle ndani, sijazitoa. Watu huniachia simu zao kutwa, zenye siri zao zote, na nikiona kitu nisichokielewa humuuliza mwenyewe akirudi. Ni kazi kwangu, bado nina aibu.

Wanawake wa kifugaji hupita hapa na madumu ya maziwa, wengine wa umri wangu. Kila ninayemwona ana vidole vyepesi kwenye simu yake humuuliza kama aliwahi kuishi Kilosa, njia ya Rudewa. Nimeshauliza wanne. Wote wamesema hapana. Wa mwisho, juzi, alinitazama kwa wasiwasi, akavuta simu yake karibu.

"Unamtafutia nini huyo mtu?"

"Nina betri zake," nikamwambia.