Kitendawili natega mimi, waitikao ni wawili, mbona nasikia watatu

Wakuu, na wadogo mliomo humu, nawasalimu.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nakaa Bofu, Likoni. Shule niliishia darasa la tatu, na simu hii naibonyeza kwa kidole kimoja, kwa hivyo herufi ikikaa vibaya mnisamehe. Ninayoyaandika nimeyasikia kwa masikio yangu. Asiyeamini apite, simshiki nguo.

Kwangu tuko wanne. Mimi, mwanangu Salim afanyaye kazi bandarini, mkewe Mercy, mtu wa Machakos, na mjukuu wangu Zuhura, miaka minane.

Mamake Zuhura ni binti yangu Mwanaisha. Alifariki mwaka jana. Nikamtoa mtoto kwa babake Mikindani, nikamleta kwangu.

Tangu siku ya mazishi mtoto hajasema neno. Daktari kashindwa, maalim kasoma kashindwa. Nilikuwa nikilala na hilo na kuamka nalo.

Nyumba ikawa kimya, kila mtu na simu yake. Nikatoa amri. Tukishaswali Maghribi, simu ziingie kapuni, tutege vitendawili kama nilivyolelewa mie.

Sharti langu, hakuna kushindana wao kwa wao. Mimi natega, wao washauriane, walete jibu moja. Wakishindwa wanipe mji, ndipo niwatolee jibu.

"Mpe Mwakirunge," Salim humwambia mkewe kila siku. "Akatawale jaa la taka."

"Taka ziko chumbani kwako, Salim," humjibu mimi. "Nipe mji wenye watu."

Wiki nzima tukacheza vizuri. Zuhura hakucheza. Hujilaza mapema chumba cha ndani, na baina yetu na yeye ni pazia tu.

Jumatatu moja stima ikapotea. Tukawasha chemli, nikasema, "Kitendawili."

"Tega."

Waitikao ni wawili. Mimi nilisikia watatu.

Nikaendelea. "Mgeni wangu akija hapigi hodi, akiondoka haagi."

"Mwizi," akasema Mercy.

"Kwani wezi wa kwenu huaga?" akamjibu mumewe.

Jibu lake ni usingizi. Lakini Mercy hakucheka. Alikuwa akiangalia pazia. "Mama, nani mwingine ameitika?"

Nikaenda na taa. Zuhura amelala fofofo, uso ndani ya mto. Chumba kile hakina mlango mwengine.

Jumanne, vile vile. Sauti ya mwanamke, ya chini, imechelewa kidogo nyuma ya wenzake. Salim akaniinamia. "Mama, hiyo ni sauti ya Mwanaisha."

"Nyamaza," nikamwambia. Nami nilikuwa nishaijua.

Jumatano nikatega nikiwa nimesimama. Ile ya tatu ikaja, nyembamba kuliko siku zilizopita.

Wakuu, sisi tumefunzwa kuwa kisichoonekana kikikuitikia, usikibembeleze. Nikatia ubani chetezoni, nikasoma Ayatul Kursi, nikasema kwa sauti kubwa kuelekea pazia, "Wewe uliyemo humo, hapa si kwako. Rudi ulikotoka."

Pazia sikuliinua. Hapo ndipo nilipokosea.

Alfajiri nilipoamka kuswali nikamkuta Zuhura amekaa mlangoni. Amevaa viatu. Mfuko wa nguo zake uko magotini, ameufunga fundo. Anangoja apelekwe kwa babake.

Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Ni wewe uliyekuwa ukiitika?"

Akainua kidole kimoja.

"Siku tatu zote?"

Akatikisa kichwa. Kisha mtoto asiyesema akasema, sauti imekauka kama mlango usiofunguliwa muda mrefu:

"Bibi, mie niliitika jana tu. Jana mama alinyamaza. Nikaona mtamngoja."

Nikaufungua ule mfuko, nikarudisha nguo moja moja kabatini. Nikamwambia yale maneno ya jana hayakumhusu yeye, na kwamba hapa ni kwake mpaka nitakapokufa. Akataka chai.

Sasa anasema. Pazia nimelitoa, tunatega hukohuko chumba cha ndani, na Salim anabishiwa mpaka anakasirika.

Waitikao sasa ni watatu, nami naiona midomo yao. Wa nne sijamsikia tena. Nikishasema "Kitendawili," nakawia kidogo. Namngoja.

Funzo nililopata ni hili: mkiwa na mchezo wa nyumbani, uchezeni hata aliyejifungia awemo. Na ukisikia sauti ndani mwako, angalia kwanza ni nani, ndipo ufungue mdomo. Mimi nilitamka neno moja, likawapata wawili. Mmoja nilimuwahi mlangoni.

Aliyewahi kumfukuza mtu wake bila kujua, alimwitaje akarudi? Niandikieni hapa chini, kwa adabu. Nitasoma kila jibu.