Kifaru Alichoacha Wifi

Kaka yangu ni fundi saa, mtu mwenye mvi, na anacheza na kifaru cha vita cha kuchezea, cha kuendesha kwa rimoti. Mnaotaka kucheka, chekeni. Mimi nilicheka zamani, nikachoka.

Kifaru chenyewe kaka alinunuliwa na mkewe, wifi yangu, mwaka ule alioanza kuugua. Cha bei rahisi: mwili plastiki, gia plastiki, mpaka minyororo ya kutembelea plastiki. Wifi akiwa hoi kitandani, kaka anakiendesha kutoka jikoni, kimebeba vidonge mgongoni. "Jeshi limefika, mama!" Wifi anacheka mpaka anashika mbavu. Alipofariki, kaka akaendelea na safari ile ile, jikoni hadi kitandani, kitanda kitupu.

Mimi ndiye niliyemtoa nje. Nikampeleka uwanja wa shule, ambako kila Jumamosi wanakutana wanaume wazima wenye wazimu huo huo. Wengi wana vifaru vya chuma. Cha mmoja wao, daktari wa meno, bei yake peke yake inanunua friji mbili. Kinanguruma, kinatoa moshi, kinapanda lundo la mchanga bila wasiwasi. Cha kaka kilifika katikati, kikateleza hadi chini.

"Fundi, hicho ulikikuta ndani ya boksi la sabuni?" daktari akamtania.

"Nilipewa na mke wangu."

"Basi mwambie akuongezee minyororo ya chuma!"

Hakujua, maskini. Kaka akacheka naye. Mimi nilitamani nimng'oe daktari meno yake yote, bila ganzi.

Njiani nikapayuka. "Si uweke hiyo ya chuma, uwafunge midomo?"

"Mdogo wangu, gia zake laini. Chuma kitazilemea."

"Fundi saa mzima, unashindwa na mdoli?"

Neno lile lilimwingia. Akaagiza minyororo, akaifunga. Jumamosi iliyofuata kifaru kikapanda lundo mpaka juu, daktari akapiga makofi, nami nikapiga kigelegele kama kwenye harusi. Halafu tukasikia kitu kinasagika. Mota inazunguka, minyororo imetulia tuli.

Kaka akakifungua pale pale mchangani. Meno ya gia yamekwisha, yamekuwa unga mweupe. Gia kama zile haziuzwi tena. Kitu cha bei rahisi kikifa hutupwa, hakitengenezwi. Nikamvuta daktari pembeni, nikamweleza habari za wifi. Akarudi amenywea, akamnyooshea kaka rimoti yake.

"Fundi, chukua changu. Chukua kabisa."

"Ahsante, daktari. Chako kizuri sana."

Hakukichukua.

Miezi miwili akakaa dukani na miwani yake ya kukuzia, anachonga gia za shaba kwa tupa, jino moja moja. Saa za wateja zikalala. Siku alipomaliza aliniita, tukakiweka sakafuni kwake. Kilikwenda hatua tatu hivi. Gia mpya zilikuwa na nguvu kuliko mwili uliozishika. Plastiki ikapasuka toka mbele hadi nyuma.

Kaka akapiga magoti, akajaribu kuzibana zile pande mbili kwa viganja. Kila akiachia, zinaachana.

"Ungeniacha nacho vile vile," akasema, taratibu, wala si kwa hasira. "Kilikuwa kinatembea."